Bakuli la Maji ya Harusi

Zamoyoni alirudishwa kwao mchana kweupe, na ndoo ya samaki waliokufa kichwani.

Wakwe zake wangekuwa na haya wangengoja giza. Lakini haya watazitoa wapi watu wale? Walisubiri watoto watoke shule, walisubiri kina mama wajae vibarazani wakichambua dagaa, ndipo mshenga akamtanguliza bibi harusi kama mwizi wa kuku, akapita naye Gungu nzima mpaka mlangoni kwa mama yake, Havijawa. Ndoo ikatuliwa kwenye ngazi. Nzi wakafika kabla ya maneno.

"Wenzenu wanasema hivi," mshenga alianza, macho ameyaelekeza kwenye kizingiti. "Binti yenu ameingia na mkosi. Maji aliyokuja nayo yameua hodhi la ukoo. Mtoto wenu huyo, samaki hao. Wao hawana ugomvi."

"Hawana ugomvi!" Havijawa alipiga kofi moja la uchungu. "Wananiletea mwanangu na uvundo mlangoni, halafu hawana ugomvi! Wewe baba, ulipokuja kuposa ulikula pilau yangu mpaka ukalegeza mkanda. Leo tumbo lile lile limekuleta kunitukana?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Na mimi nakutuma. Kawaambie..." Alichomtuma kukisema, majirani walikirudia kwa wiki nzima, lakini hapa hakiandikiki.

Sebuleni alikuwamo Sikudhani Bitulo, mtoto wa dada yake Havijawa, daktari wa samaki wa Taasisi ya Uhai wa Ziwa. Alikuwa amekuja kunywa chai na kupumzisha miguu. Alitoka, akachuchumaa penye ndoo, akamwinua samaki mmoja kwa mkia na kumfunua shavu. Matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yalikuwa meupe, yamejaa chembe kama za unga wa sembe.

"Dada Siku," Zamoyoni alisema. "Lile bakuli nililisugua mwenyewe kwa majivu. Wallahi lilikuwa safi."

"Ingia ndani, mdogo wangu. Hakuna aliyekulaumu humu."

"Redio imenilaumu. Taasisi yenu imetangaza asubuhi kwamba samaki wamekufa kwa sababu bibi harusi alibeba maji kwa chombo kichafu."

Sikudhani alisimama polepole. Tangazo hilo hakuwa amelisikia.

Ujue kwamba katika Kigoma ya miaka hiyo hakuna nyumba isiyokuwa na hodhi. Joto la ziwa lilipoanza kuwachemsha samaki wa majabali, mabibi wa mji waliingia majini na vyandarua, kila ukoo ukaopoa aina moja na kwenda kuilea nyumbani ndani ya kioo, mpaka siku ziwa litakapokuwa tayari kuwapokea tena. Samaki wale walizaa, wakarithiwa, wakawa sehemu ya ukoo. Binti akiolewa, alitoka kwao na bakuli la maji ya hodhi la mama yake, na kabla hajaketi kwa mumewe aliyamimina kwenye hodhi la wakwe, watu wakishuhudia. Waliogombana wakipatana, walichanganya maji. Kulikataa bakuli la mtu ilikuwa sawa na kumwambia: wewe kwangu si mtu.

Ndiyo maana Taasisi ilipotengeneza Mlinzi, iliishangilia desturi hii kuliko wenyewe. Kila harusi ilikuwa chanjo ya bure.

Mlinzi alitokana na mdudu wa doa jeupe, adui wa zamani wa kila mfuga samaki. Mdudu huyo haonekani kwa macho. Huogelea, hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, hula, hunenepa, ndipo doa jeupe huonekana. Akishashiba hujibandua, huzama chini, hujivika gamba, na ndani ya gamba hujigawa akawa mamia; mamia hao hutoka wakiwa na njaa. Taasisi ilimnyang'anya uwezo wa kujigawa. Ilimpa rangi ya kijani inayong'aa ili atambulikane. Ikamfundisha kujificha, mwili wa samaki usimtambue upesi, ili akae ndani muda mrefu akiuzoesha mwili ule kupigana na homa ya joto iliyokuwa ikimaliza samaki ziwani. Kisha angebanduka, azame, afe peke yake. Sikudhani ndiye aliyemfikisha majumbani kwa vichupa, mlango kwa mlango, akiapa kwa jina la mama yake kwamba mdudu huyu hazai.

Alikwangua utelezi wa chini ya ndoo, akaweka tone kwenye hadubini yake ya mfukoni, akafumba jicho moja.

Aliona gamba. Ndani ya gamba walikuwamo watoto wanaosukumana kama maharage kwenye sufuria, na wote, kila mmoja wao, walikuwa wa kijani, waking'aa.

"Mama mdogo," alisema bila kuinua kichwa. "Wakwe zake Zamoyoni hodhi lao walijaza maji ya wapi?"

"Ya ziwani. Bomba lilikatika wiki ya harusi, wakachota ziwani. Kwani vipi?"

Sikudhani aliirudia hadubini. Katika shina hili la wadudu kuna jambo ambalo vitabu vyote hulisema na wakubwa hupenda kulisahau: wawili wakikutana huweza kulala ubavu kwa ubavu, kila mmoja akampa mwenziwe nusu ya alichonacho, kisha wakaachana. Mlinzi alitoka kwa Havijawa ndani ya bakuli. Mdudu wa asili alikuwa kwa wakwe, ndani ya maji ya ziwa. Binadamu walipokuwa wakila pilau, wale nao walifunga ndoa yao. Aliyezaliwa alikuwa na uzazi wa mmoja na uwezo wa kujificha wa mwingine. Samaki asingemtambua, asingejifunza kumpiga, na asingepona.

Na kesho yake saa nne, pwani ya Katonga, Taasisi ilikuwa inakwenda kumimina mapipa ya Mlinzi ndani ya ziwa ambalo kila jabali lake lina mdudu wa asili.

*

Dokta Gervas Ruhumbika, mkurugenzi wa Taasisi, alimpokea kwa tabasamu. Ndiye aliyemfundisha Sikudhani kazi, tangu hajui kushika chandarua.

"Siku, binti yangu! Karibu. Nilijua ungekuja. Sogea hapa uone."

Kwenye kona ya ofisi palikuwa na kioo chenye samaki sita wa milia, mabaki ya hodhi la wakwe zake Zamoyoni. Walikuwa wakiogelea taratibu, ngozi zao safi kabisa.

"Jana hawa walikuwa kama wamemwagiwa unga," alisema. "Leo nitafutie doa moja. Huoni? Wamepona. Nimewaambia watu wa redio watangaze hilo pia, maji yao ni salama. Kesho tunaendelea."

"Wamepona?" Sikudhani alimkazia macho. "Dokta, darasa lako la kwanza kabisa ulituuliza: doa likitoweka, mdudu kaenda wapi? Darasa zima tulisema amekufa. Ulitucheka mpaka ukakohoa. Ukasema doa likitoweka ndipo uogope, maana mdudu yuko chini anazaa. Sasa leo unanionyesha samaki msafi na kuniambia amepona? Mimi?"

Tabasamu lilimtoka. Alikwenda kufunga mlango.

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Nimeona gamba. Nimeona watoto wa kijani. Umeliona au hujaliona?"

"Nimeliona," alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla ya harusi hiyo. Kwenye hodhi la maabara. Mara moja."

Sikudhani alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Mara moja! Kana kwamba nyumba huungua mara ngapi.

"Kaa chini unisikilize," Ruhumbika alisema, na hapo sauti yake ilikuwa ya kweli, ya mtu aliyechoka. "Homa ya joto inawamaliza samaki wa majabali. Umezamia Katonga mwenyewe, umeona mawe matupu. Nikisimamisha kesho, Taasisi itafungwa, na hakuna atakayetuamini tena hata tukileta dawa ya kweli. Ziwa ni pana, si ndoo. Huenda hawa wawili wasikutane. Na wakikutana, huenda mtoto wao akashindwa na maji makubwa."

"Huenda."

"Sayansi yote ni huenda, Siku."

"Kwa samaki wa watu ni huenda. Kwa mama yako ulisema nini?"

Ruhumbika aligeukia kioo cha samaki.

"Nilipogawa vichupa," Sikudhani aliendelea, akihesabia maneno kwenye meza kwa kidole, "nilipita Bangwe nzima. Nyumba moja tu uliniambia niiruke. Bibi Nyamweru. Ukasema samaki wake ni wazee mno. Nikakuamini, nikasema masikini, anampenda mama yake. Kumbe ulishaona gamba! Watu wote ukawapa huenda, mama yako ukampa hapana!"

"Samaki wake wale, mikia-mwezi, ndio wa mwisho," Ruhumbika alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna wengine duniani. Na yeye hana kingine."

"Zamoyoni alikuwa na nini kingine? Umemwambia mji mzima ni mchafu. Wamemtembeza na ndoo kichwani kwa ajili ya tamko lako! Wewe ni mtu gani?"

Mlinzi wa geti aliitwa, mlinzi wa miguu miwili huyu, akamtoa nje kwa adabu. Kitambulisho chake kilibaki mezani, na hadubini pia, kwa kuwa ilikuwa mali ya ofisi. Sikudhani alisimama barabarani juani, akatukana tusi ambalo hakulitumia tangu shule ya msingi. Halikumsaidia chochote.

*

"Piga kelele redioni," Havijawa alisema walipokuwa wameketi jikoni jioni ile, jiko likifuka.

"Redio ni yake. Na nitaonyesha nini? Samaki wake ni wasafi, kila mtu anawaona. Mimi ni binamu wa bibi harusi mwenye mkosi, nimefukuzwa kazi leo hii. Ungeniamini wewe?"

Havijawa akachochea jiko.

Ndoo ilikuwa mbele yao, imefunikwa kwa ungo. Samaki walikwishazikwa, lakini Sikudhani alibakiza maji. Kufikia asubuhi magamba ya chini yangekuwa yamepasuka, na kila tone lingekuwa na wadudu wanaotafuta ngozi ya kuingia. Kwa binadamu hawana madhara. Kwa samaki ni kifo.

"Kesho Bibi Nyamweru atakuwa jukwaani," alisema. "Mwanawe anampeleka na hodhi lake abariki shughuli, kwa kuwa ndiye mlezi mkongwe kuliko wote mjini. Nitampelekea bakuli mbele ya watu. Bakuli la maji halizuiliwi njia, hata askari hawawezi kunishika. Ruhumbika amesema maji ni salama. Haya, yaingie kwa mama yake. Akikataa, mji mzima utajua kwa nini."

"Na asipokataa?" Havijawa aliuliza.

"Atakataa."

"Mtu aliyekwishaanza kudanganya ana miguu mirefu, mwanangu, hasimami njiani. Kwa nini usitie maji ya bomba? Atajuaje?"

"Ana hadubini, mama mdogo. Tone moja tu na nimeumbuka mimi. Halafu hata asingekuwa nayo..." Alisita. "Maji ya bakuli hatuyatilii uongo. Nikidanganya na mimi, mji huu utabaki na nani?"

Zamoyoni alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi, mkono shavuni. Hina ya harusi ilikuwa bado haijafifia vidoleni.

"Bibi Nyamweru amekukosea nini?" aliuliza.

"Hajanikosea kitu."

"Samaki wake?"

"Nao pia hawajanikosea."

"Basi sawa na mimi." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Sikudhani. "Na mimi sikuwa nimemkosea mtu. Nilipewa bakuli lenye kifo ndani, sijui, nikamimina huku nikipigiwa vigelegele. Kesho unampa na yeye."

"Zamo, nikikaa kimya ziwa linakwisha. Si hodhi moja. Ziwa zima! Kila kitu ambacho bibi zetu waliingia majini kukiokoa!"

"Sijakwambia ukae kimya, dada. Nimekuuliza amekukosea nini."

Sikudhani alisimama, akatoka uani, akapiga teke debe tupu mpaka likagonga ukuta wa jirani. Alimkasirikia Ruhumbika kwa kuwa mwongo, alimkasirikia mshenga kwa tumbo lake, na zaidi ya wote alimkasirikia msichana yule kwa kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilikwepa tangu mchana. Angeweza kwenda Bangwe alfajiri kumwonya bibi. Lakini bibi akionywa hatainua bakuli, na asipoinua bakuli mwanawe hatashtuka. Mtego usio na chambo haukamati. Aliligeuza jambo hilo kila upande, na kila upande chambo kilikuwa kikongwe yule.

Asubuhi, Zamoyoni ndiye aliyemletea bakuli. Lilikuwa lile lile la harusi. Alikuwa amelisugua tena kwa majivu.

*

Katonga ilifurika. Palikuwa na turubai, ngoma, maji ya kunywa ya bure, na mapipa ya Taasisi yamepangwa kwenye chelezo ufukweni, mabomba yake yametumbukizwa ziwani tayari. Ruhumbika alikuwa na suti ya kijani. Kando yake, kwenye kiti chenye mto, alikaa Bibi Nyamweru, kikongwe mwembamba aliyejifunga kitenge kifuani kwa namna ya zamani, na mbele yake hodhi lake. Mikia-mwezi ilikuwa ikipita ndani ya kioo bila haraka.

Sikudhani alitokea upande wa mama lishe, bakuli kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe kama la bibi harusi. Zamoyoni na Havijawa walikuwa nyuma yake. Askari mmoja aliinua mkono, akaona kitambaa, akaushusha. Watu walipisha. Ngoma zikafifia moja moja.

"Nimekuja na maji," alisema alipofika mbele.

"Maji hayakataliwi," Bibi Nyamweru alijibu, kama ilivyopasa. "Karibu, mwanangu. Ya nani?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ni ya hodhi la harusi ya huyu, Zamoyoni binti Havijawa. Ameambiwa ana mkosi. Lakini Dokta ametangaza kwamba samaki wamepona na maji ni salama. Basi kama ni salama, bibi, wewe ndiye mkubwa wetu. Yapokee, tufute aibu ya mtoto wa watu."

Umati ulinguruma kwa kuridhika. Jambo zuri hilo! Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Ruhumbika alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni.

"Mama," alisema, "shughuli hii tuiweke baadaye. Kuna ratiba."

"Ratiba?" Kikongwe alimgeukia. "Tangu lini maji yana ratiba? Wamemwaibisha msichana hadharani, atasafishwa hadharani. Lete, binti."

Ruhumbika aliteremka upesi. Alichovya ncha ya kidole bakulini, akatoa hadubini mfukoni. Sikudhani aliitambua, ilikuwa yake. Alimtazama akifumba jicho. Alimtazama akikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akairudisha mfukoni.

"Vipi, Dokta?" mtu alipaza sauti. "Ni salama?"

Kipaza sauti kilikuwa kwenye kola yake. Kila neno lake lilifika pwani yote.

"Ni salama," alisema.

Sikudhani alimgeukia Havijawa. Havijawa alikuwa amesema kweli: ana miguu mirefu. Bibi Nyamweru alikwishainuka, ameshika bakuli kwa mikono miwili inayotetemeka kwa uzee, ameegemeza nyonga kwenye meza. Samaki wake, kwa kuizoea mikono hiyo kila siku ya maisha yao, walipanda juu wote kwa pamoja, midomo imefunguka, wakidhani ni chakula.

Sema, Sikudhani alijiambia. Mzuie. Sema sasa! Akauma mdomo mpaka akaonja damu. Hakusema.

Bakuli liliinama.

"Mama, acha!"

Ruhumbika aliruka. Alilidaka bakuli kwa mikono yote, akalivuta, maji yakamwagikia suti yake, viatu vyake, mchanga. Hata tone moja halikuingia kwenye hodhi. Alibaki amekumbatia bakuli kifuani, anahema, na kila pumzi ilisikika kwenye vipaza sauti.

Kikongwe alibaki na mikono mitupu.

"Kwa nini?" Bibi Nyamweru aliuliza.

Ruhumbika alizidi kulikumbatia bakuli. Sikudhani ndiye aliyesogea, akamshika kola, akasemea pale pale kifuani pa mkurugenzi.

"Kwa sababu ndani yake kuna Mlinzi anayezaa! Alikutana na mdudu wa ziwani kwenye hodhi la harusi, na amejifunza kwake. Dokta anajua, aliona kabla yetu sote, ndiyo maana hodhi la mama yake hakulitia Mlinzi. Zamoyoni hakuwa mchafu. Zamoyoni hakuwa na mkosi! Na mdudu wa ziwani mnamjua, yuko kila jiwe hapo mbele yenu. Mapipa yale yakifunguliwa, yaliyotokea kwenye ndoo yatatokea ziwa zima."

"Mwongo!" mtu alijaribu kusema, lakini wengine walikuwa wanamtazama Ruhumbika, na Ruhumbika alikuwa anatazama viatu vyake.

Bibi Nyamweru alinyoosha kidole kuelekea chelezo. "Gervas. Kile usichokitaka kwa mama yako, ndicho ulichokuwa unakwenda kulimwagia ziwa?"

"Mkuki kwa nguruwe!" sauti ya mwanamke ilipasuka kutoka nyuma.

Wengine wakaidaka, kwanza wachache, kisha pwani nzima, wanaume kwa wanawake. Mkuki kwa nguruwe! Wanawake wa Gungu walikuwa wa kwanza kuingia majini na kanga zao. Waliyapandisha mabomba juu ya chelezo, wakayafunga mafundo, wakayakalia mapipa na kukunja mikono. Askari walitazamana, wakaona shangazi zao mle, wakaamua kutafuta kivuli.

Mama mkwe wa Zamoyoni alijipenyeza mpaka mbele na kuunyoosha mkono, machozi yakimtoka, akisema tusameheane, mwanangu, shetani alitupitia. Zamoyoni aliutazama mkono ule. Wake aliuficha ndani ya kanga.

"Shetani hakubeba ndoo, mama," alisema.

Sikudhani hakuwa na nafasi ya kufurahi. Mchanga ulikuwa umelowa, na wimbi lilikuwa linakuja karibu. Alikimbilia kwa mama lishe, akanyakua sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yakichemka, akarudi na kumwaga pale pale. Akaenda akaleta nyingine.

"Vua viatu," alimwambia Ruhumbika. "Na koti. Vimelowa."

Mkurugenzi alivua. Alisimama na soksi mbele ya mji wote, na Sikudhani alimwagia viatu vyake maji ya moto kwa chuki iliyomtosheleza kabisa, mpaka ngozi ikakunjamana. Bakuli nalo alilimwagia ndani na nje, na mvuke ukamuunguza mkono. Hakujali.

Alipoinua kichwa, Bibi Nyamweru alikuwa anamtazama. Hakuwa amemtazama mwanawe tena tangu alipomuuliza.

"Binti."

"Bee, bibi."

"Ulipokuwa unanipa, ulijua ni maji gani?"

"Nilijua."

"Huyu asingenidaka mkono," kikongwe alisema, bila kumtaja jina, "ungenidaka wewe?"

Sikudhani alifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa tayari pale, ulimini, rahisi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuipinga. Alimwona Zamoyoni kando ya meza, anangoja jibu kama bibi.

"Hapana, bibi," alisema. "Ningekuacha umimine."

Bibi Nyamweru alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia sokoni. "Umelisaidia ziwa," alisema. "Ahsante kwa ziwa."

Kisha akaomba watu wamsaidie kulirudisha hodhi nyumbani. Vijana wanne wakajitokeza, Havijawa akashika upande mmoja, Zamoyoni mwingine. Sikudhani naye akaweka bakuli chini, akainama kushika pembe ya kioo iliyobaki.

"Wewe usiguse," Bibi Nyamweru alisema.

Aliuondoa mkono. Wakaliinua hodhi, wakapita nalo kando yake, maji yakicheza ndani, mikia-mwezi ikijikusanya upande wa kikongwe. Watu waliwapisha njia. Sikudhani alibaki ufukweni na sufuria ya mama lishe, na baada ya muda akaenda kuirudisha.